Uvimbe Umeshatolewa, Sasa Wanatibu Nini?

Somo la robo hii limetokana na swali tulilolikuta kwenye kikao cha kamati ya parokia moja. Ajenda ilikuwa mfuko wa wagonjwa. Mama mmoja alikuwa amefanyiwa upasuaji wa titi, na kamati ilimchangia nauli yeye na binti yake aliyemsindikiza hadi Dar es Salaam. Upasuaji ulikwenda vizuri, kidonda kilifunga, na mama alionekana tena Jumapili akiwa na uso mchangamfu. Kisha ikaja barua ya daktari. Mama alitakiwa arudi mara tano zaidi, kila baada ya wiki tatu, kutundikiwa dawa.

Mweka hazina, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliisoma barua mara mbili akasema: "Mwenyekiti, uvimbe si umeshatolewa? Sasa wanatibu nini?"

Hakuna aliyemjibu. Na swali lake halikuwa la uchoyo hata kidogo. Katika orodha ileile walikuwapo mzee mwenye ngiri na watoto wawili waliohitaji miwani, na fedha zilikuwa zilezile. Sisi wageni tuliahidi kulifanyia kazi. Tumeona njia nzuri ya kulijibu ni kusimulia kazi ya mtu aliyejiuliza jambo hilohilo kwa zaidi ya miaka 50. Yeye alianzia kwenye meza ya upasuaji, na wagonjwa wake wa kwanza walikuwa mbwa.

Daktari wa wanyama

Isaiah Fidler, ambaye wenzake walimwita Josh, alizaliwa Jerusalem mwaka 1936. Alikwenda Marekani kusomea udaktari wa wanyama, akahitimu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma mwaka 1963, kisha akafanya kazi ya upasuaji wa wanyama katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mbwa hupata saratani kama sisi: za matiti, za mifupa, za ngozi. Daktari hukata uvimbe, mshono hupona, na mwenye mbwa hushukuru. Lakini mara nyingi, baada ya miezi kadhaa, mbwa yuleyule hurudishwa akihema kwa shida, na mapafu yake yamejaa uvimbe mwingine. Pale mkono wa kwanza ulipokata hapana kitu. Kinachoua ni kile kilichoondoka kabla kisu hakijafika.

Kwa binadamu ni hivyo hivyo. Mama mwenye saratani ya titi hafi kwa sababu ya titi. Anapofariki, kwa kawaida ni kwa sababu ugonjwa umefika kwenye mapafu, ini, mifupa au ubongo. Fidler aliacha upasuaji akarudi darasani, na mwaka 1970 alipata shahada ya uzamivu katika patholojia, yaani elimu ya namna magonjwa yanavyoharibu mwili. Tangu hapo hakuacha kufuatilia safari ya seli ya saratani kutoka mahali ilipozaliwa hadi mahali inapokwenda kuua. Alifariki mwezi Mei 2020.

Wengi husafiri, wachache hufika

Jaribio lake la mwaka 1970 linaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kuhesabu magunia. Alichukua seli za melanoma, ambayo ni saratani kali ya ngozi, kutoka kwa panya wa maabara. Akaziwekea alama ya iodini yenye mnururisho ili aweze kuzifuatilia zilipo, akazidunga kwenye mshipa wa damu wa panya wengine. Kisha akahesabu zilizobaki hai.

Baada ya saa 24 ilikuwa imebaki hai chini ya seli 1 katika kila 1,000. Na zilizofanikiwa kuota na kuwa uvimbe mpya zilikuwa chini ya 1 katika kila 10,000.

Habari hii inafariji na inatisha kwa pamoja. Inafariji kwa sababu damu si mahali pepesi kwa seli ya saratani. Msukumo wa damu huipasua, askari wa kinga huishambulia, na nyingi hufa njiani. Inatisha kwa sababu uvimbe wa sentimita moja tu unaweza kuwa na mamia ya mamilioni ya seli. Ukitoa moja katika elfu kumi kutoka kwenye umati wa namna hiyo, bado unabaki na kundi. Na kila mwezi ambao mgonjwa anazunguka na dawa za kupaka, uvimbe unaendelea kuzimwaga.

Sasa Fidler akauliza jambo ambalo wengine walikuwa hawajalijibu. Hizo chache zilizofika, zilifika kwa bahati tu, au zilikuwa tofauti na nyingine tangu mwanzo? Mwaka 1973 alichukua uvimbe ulioota kwenye mapafu ya panya, akazikuza seli zake kwenye chupa, akazidunga kwa panya wapya, akachukua tena zilizoota mapafuni, na kuendelea hivyo mara kumi. Kizazi cha kumi kilitoa uvimbe mwingi zaidi mapafuni kuliko kizazi cha kwanza. Alikuwa amefanya kama mkulima anayechagua mbegu kila msimu kutoka kwenye magunzi bora.

Lakini mtu anaweza kupinga: huenda seli zilijifunza kule mapafuni, hazikuwa hivyo tangu awali. Mwaka 1977 Fidler na Margaret Kripke, mtaalamu wa kinga ya mwili aliyekuwa mwenzake wa maabara na wa maisha, walichapisha jibu katika jarida la Science. Waliugawa uvimbe mmoja. Sehemu moja waliiacha ikiwa mchanganyiko wa seli zote. Nyingine waliitenganisha seli moja moja, kila seli wakaikuza peke yake hadi ikawa ukoo wenye seli nyingi, kisha kila ukoo ukadungwa kwa panya wake. Kama seli zote zilikuwa sawa, koo zote zingetoa matokeo yanayokaribiana. Haikuwa hivyo. Koo nyingine hazikutoa karibu chochote mapafuni, na nyingine zilijaza mapafu. Zote zilitoka kwenye uvimbe mmoja.

Tunaomba wanakamati wasome tena sentensi hiyo, maana ndiyo shina la somo hili. Uvimbe mmoja si kitu kimoja. Ni kama kijiji chenye watu wa kila tabia, na humo wamo wachache, tangu kabla ya matibabu yoyote, wenye uwezo wa kusafiri. Katika kijiji hichohicho wamo pia wachache ambao dawa fulani haiwawezi. Ukipiga dawa moja, wanaokufa ni wale inaowaweza. Wanaobaki ndio watakaozaa kizazi kijacho. Hapo ndipo mgonjwa anaposema, "Dawa ilinisaidia mwanzoni, kisha ikagoma." Dawa haikubadilika. Waliobadilika ni waliobaki.

Udongo nao una neno lake

Mwaka 1889 daktari wa upasuaji wa Uingereza, Stephen Paget, alikusanya kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi. Aliona ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye ini mara nyingi, lakini kwenye wengu mara chache sana, ingawa wengu nao hupata damu ya kutosha. Kama ni damu tu inayobeba, kwa nini wengu usamehewe? Paget akasema mmea unapotoa mbegu, upepo huzipeleka kila upande, lakini huota pale tu zinapokuta udongo unaozifaa. Wasomaji wetu hawahitaji kufundishwa habari za mpanzi na udongo.

Wazo hilo lilikaa kabatini kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1920 James Ewing wa Marekani alishika msimamo kuwa ni suala la mabomba tu: saratani huota pale mkondo wa damu unapoipeleka kwanza. Na kwa sehemu alikuwa sahihi, hasa kwa tezi zilizo jirani na uvimbe. Ndiyo maana daktari hupapasa kwapa la mama mwenye uvimbe wa titi.

Fidler na Ian Hart walilipima jambo hili mwaka 1980 kwa namna ambayo hadi leo inatajwa madarasani. Walichukua vipande vya pafu, vya ovari na vya figo, wakavipandikiza chini ya ngozi au ndani ya msuli wa panya, mahali ambapo kwa kawaida havipo. Viliposhika na kupata damu, walidunga seli za melanoma. Seli zilizowekewa alama zilionyesha kuwa mbegu ilifika kila mahali. Lakini uvimbe uliota kwenye mapafu ya panya mwenyewe, kwenye vipande vya pafu na kwenye vipande vya ovari. Kwenye vipande vya figo haukuota. Mbegu ileile, damu ileile, panya yuleyule.

Miaka michache baadaye, David Tarin na wenzake wa Uingereza waliona jambo linalofanana kwa binadamu. Kulikuwa na wagonjwa wa saratani ambao tumbo lao lilijaa maji, na ili kuwapunguzia maumivu walikuwa wamewekewa mrija wa kuyarudisha maji hayo kwenye mshipa wa damu. Maji hayo yalikuwa na seli za saratani kwa mamilioni. Wagonjwa walipata nafuu ya tumbo, na wengi wao, walipochunguzwa baada ya kufariki, mapafu yao hayakuwa yamejaa uvimbe kama ambavyo mtu angetegemea.

Kwa nini dawa hugoma

Mwaka 1983 Fidler alihamia Houston, Texas, kwenye kituo cha saratani cha MD Anderson. Huko yeye na wanafunzi wake walianza kuona kuwa udongo haulishi mbegu tu, bali pia huikinga na dawa.

Ilikuwa inajulikana tangu 1976, kwa kazi ya Rudolph Juliano na Victor Ling huko Toronto, kwamba baadhi ya seli sugu zina protini kwenye ngozi ya seli ambayo hufanya kazi kama pampu. Dawa ikiingia, hutolewa nje kabla haijaleta madhara. Mwaka 1994 kikundi cha Fidler kilionyesha jambo la ajabu kidogo. Seli za saratani ya utumbo wa panya zikiota chini ya ngozi, dawa iitwayo doksorubisini iliziweza. Seli hizohizo zikiota kwenye mapafu, zilikuwa sugu, na pampu zao zilikuwa nyingi zaidi. Zilipotolewa mapafuni na kurudishwa chini ya ngozi, usugu ulipungua tena. Maana yake ni kwamba si usugu wote unatoka ndani ya seli yenyewe. Mwingine inaazimwa na jirani.

Ubongo ndio jirani mbaya kuliko wote. Ndani yake kuna seli zenye umbo la nyota, astrosaiti, ambazo kazi yake ni kuzilinda na kuzihudumia seli za neva. Mwaka 2010 na 2011 kikundi cha Fidler kilieleza kwamba seli za saratani zikigusana na astrosaiti hufungua vijia vidogo kati yao, na astrosaiti, pasipo kujua inamsaidia nani, huzipa ulinzi dhidi ya dawa. Mkitenganisha pande mbili hizo, ulinzi hutoweka.

Madaktari wa Afrika Mashariki walikuwa wameonja uchungu wa jambo hili mapema. Huko Kampala, katika Hospitali ya Mulago, Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto ambao leo hubeba jina lake. Ulikuwa unayeyuka kwa dawa hadi watu wakadhani ni muujiza. John Ziegler na wenzake, waliofanya kazi kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanzishwa mwaka 1967, waliona watoto wengine taya imepona kabisa, kisha ugonjwa unarudi kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ndipo ikabidi dawa zichanganywe, na nyingine zidungwe moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo.

Haitakuwa haki kumfanya Fidler mtu ambaye kila alichogusa kilikuwa dhahabu. Panya si mtu, na mambo mengi yaliyofaulu kwa panya wa Houston hayakufika wodini. Mojawapo lililofika lilichukua muda mrefu. Tangu miaka ya ujana wake wa utafiti alifikiri kwamba seli walaji za kinga ya mwili zinaweza kuamshwa ziwamalize wale wachache waliobaki baada ya upasuaji, kwa dawa iliyofungwa ndani ya vitone vidogo vya mafuta. Ilijaribiwa kwa mbwa wenye saratani ya mifupa, kisha kwa watoto na vijana. Umoja wa Ulaya uliiruhusu mwaka 2009 kwa jina la mifamurtidi, itumike pamoja na dawa nyingine. Marekani, alikofanyia kazi maisha yake yote, haikuiruhusu, na wataalamu bado wanabishana juu ya uzito wa matokeo yake. Lakini ni jambo la kutafakari kwamba mtu alianza na mbwa waliorudi na mapafu yaliyojaa, na dawa aliyoiwazia ikapitia kwa mbwa kabla ya kuwafikia watoto.

Tumrudie mweka hazina

Basi wanatibu nini, ikiwa uvimbe umetolewa? Wanatibu wale waliokwisha ondoka. Hawaonekani kwa picha wala hawapapasiki kwa mkono, na daktari hana njia ya uhakika ya kujua kama wapo ndani ya mama huyu au hawapo. Anachojua ni uwezekano.

Uwezekano huo una hesabu. Mwaka 1976 Gianni Bonadonna na wenzake wa Milano, Italia, walichapisha habari za wanawake 386 waliokuwa wametolewa titi, na ambao saratani ilikuwa imeshafika kwenye tezi za kwapa. Wanawake 179 waliishia kwenye upasuaji, kama ilivyokuwa desturi. Wengine 207 waliongezewa mchanganyiko wa dawa tatu kwa mizunguko 12. Baada ya miezi 27, ugonjwa ulikuwa umewarudia asilimia 24 ya kundi la kwanza, na asilimia 5.3 ya kundi la pili. Miaka ilivyopita pengo hilo lilipungua, lakini halikuzibika hata baada ya miaka 20.

Katika taarifa yao ya mwaka 1995 kulikuwa na jambo ambalo tunadhani kila mfuko wa wagonjwa unapaswa kulijua. Waliopata angalau asilimia 85 ya dozi iliyopangwa ndio walionufaika zaidi. Waliopata chini ya asilimia 65 hawakuwa na tofauti kubwa na wale ambao hawakupewa dawa kabisa. Wapo wanaokumbusha, na ni kweli, kwamba waliokatisha huenda walikuwa na sababu nyingine, kama uzee au udhaifu wa mwili. Hata hivyo, kwa kamati yenye fedha kidogo, maana yake inauma. Kulipia safari mbili kati ya sita kisha kuacha si kutoa msaada wa theluthi moja. Huenda ni kutoa msaada usiozaa chochote, huku mama amekwishapoteza nywele na nguvu.

Tuliwapelekea wanakamati maelezo haya, nao wakakaa tena. Tulialikwa. Mjadala ulikuwa mrefu kuliko tulivyotegemea, na si wote waliokubaliana. Mzee mmoja alisema, kwa haki kabisa, kwamba ngiri inaonekana na seli hizo hazionekani. Mwishoni iliamuliwa kuwa safari zote tano zilipiwe, fedha zitengwe zote kabla ya safari ya kwanza, na miwani ya watoto inunuliwe. Mwenye ngiri aliombwa asubiri robo moja. Daktari wa wilaya alishathibitisha kuwa hali yake inaruhusu kusubiri, na kama hali ikibadilika atapelekwa mara moja. Mweka hazina aliandika muhtasari, kisha akauliza kama nauli ya binti nayo inahesabiwa. Inahesabiwa. Mtu aliyetoka kutundikiwa dawa hasafiri peke yake kwa basi usiku kucha.

Kwa kamati nyingine zitakazopokea barua za namna hii, tunashauri mambo ya kumwuliza daktari kabla ya kupiga kura: mizunguko ni mingapi kwa jumla na tarehe zake, safari moja ikikosekana kitatokea nini, ipo hospitali ya rufaa iliyo karibu zaidi inayoweza kutundika dawa hizohizo, na kama baada ya dripu kutakuwa na vidonge. Vidonge hivyo, kwa baadhi ya saratani za titi, humezwa kwa miaka 5 au zaidi, na duka la dawa la jirani huenda halinavyo. Kamati iliyokwisha kupitia hesabu hii na kupata njia rahisi zaidi ya usafiri au ya malazi ya msindikizaji itutumie maelezo yake kabla ya toleo lijalo. Wafadhili wetu wameuliza mara kadhaa kwa nini kipengele cha nauli kinazidi kile cha dawa, na tungependa majibu yatoke kwenu.